Mita ya Mwendo Imekufa kwenye Pikipiki ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukisimama kwenye steji yoyote ya huku Kisumu, kutoka Kondele hadi Ahero, utaona pikipiki za zamani ambazo mshale wa mita umelala kwenye sifuri na wenyewe wameshazoea. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa tena na tena na madereva wa boda boda na watu waliowanunulia vijana pikipiki. Mimi naendesha Honda CG125 ya zamani, na mengi ya majibu haya nimeyapata nikiwa nimepiga goti kando ya gurudumu la mbele. Hapa chini, "mita" ni ile saa ya kuonyesha mwendo, na "kebo" ni kebo ya mita, si ya klachi wala ya breki.

## Mambo ya mwanzo

1. Mita ya pikipiki ya zamani inafanyaje kazi?

Ukiondoa taa yake, haitumii umeme wa pikipiki hata kidogo. Gurudumu la mbele linapozunguka, linazungusha gia ndogo iliyofichwa ndani ya sahani ya breki, yaani kifuniko cha breki kilicho ubavuni mwa gurudumu. Gia hiyo inazungusha waya mwembamba ulio ndani ya kebo, na waya unapanda hadi nyuma ya mita.

Ndani ya mita, waya unazungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini, na vitu hivi viwili havigusani. Sumaku ikizunguka, inaamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Hapo pana vuta nikuvute, na mahali kikombe kinapotulia ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hataza ya ubunifu huu mwaka 1902, na mita nyingi zinazopita Kisumu leo bado zinafanya kazi vivyo hivyo.

Namba za kilomita haziendeshwi na sumaku. Zinaendeshwa na gia ndogo zilizoshikana na mhimili uleule unaozungushwa na waya. Shika tofauti hii, kwa sababu swali la 4 linaitegemea.

2. Nimeendesha miaka mingi bila mita. Kuna haja gani ya kuitengeneza?

Haja ipo, na nitaieleza kwa hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 za barabara kila sekunde. Ukiwa kwenye 60, unapita karibu mita 17. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini kazi ambayo breki inapaswa kuifanya ili usimame imezidi mara mbili. Kwa pikipiki yenye breki ya ngoma iliyochakaa, gunia la mahindi na abiria wawili nyuma, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamgonga mtoto anayevuka au utasimama mbele yake.

Halafu sikio linadanganya. Toka Kakamega, pita Chavakali na Mbale, ukimbie vizuri hadi Kiboswa, kisha uteremke kuingia Mamboleo. Pale chini utahisi unatambaa. Nimewahi kutazama mita yangu mahali hapo nikidhani niko kwenye 40, ikaniambia 65. Mwili ukishazoea upepo wa kasi, unapoteza kipimo, na hilo linampata dereva wa miaka 20 sawa na mgeni wa jana.

Sababu ya tatu ni oili na petroli. Tazama swali la 18.

3. Naweza kupata shida na polisi kwa sababu ya mita?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka chombo kilicho barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Pia mwendo katika miji na vituo vya biashara una kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Ukipimwa kwa mashine ukakutwa umepita 50, kusema mita ilikufa hakukusaidii. Umekiri tu kwamba uliingia barabarani bila njia ya kujua mwendo wako.

## Kutafuta ugonjwa

4. Nianzie wapi?

Anza kwa kutazama vitu viwili kwa pamoja: mshale, na namba za kilomita. Endesha kilomita moja au mbili, kisha soma.

Vyote viwili vikiwa vimekufa, ugonjwa uko chini ya mita. Ni kebo au ni gia ya gurudumu, na mita yenyewe huenda ni nzima kabisa. Namba zikisonga lakini mshale haunyanyuki, kebo ni nzima na ugonjwa uko ndani ya mita, upande wa sumaku, springi au mshale. Mshale ukifanya kazi na namba zimeganda, gia ya plastiki ndani ya mita imekatika meno.

Ninalisema kwa mkazo kwa sababu watu wengi huanza kwa kununua mita mpya. Mita ndiyo spea ya bei kubwa zaidi katika mlolongo huu, na kwa ninavyoona ndiyo inayokufa mara chache zaidi.

5. Vyote viwili vimekufa. Nitajuaje kama ni kebo au ni gurudumu?

Fungua kebo upande wa juu, nyuma ya mita. Ni nati ya kuzungusha kwa vidole, na ikiwa imeshika kutu isaidie na koleo bila kuibana sana. Sasa mwenzako ainue gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono huku ukitazama ncha ya waya. Ncha ikizunguka bila kukwama, kebo na gurudumu ni vizima na ugonjwa uko kwenye mita.

Isipozunguka, fungua upande wa chini pia, kwenye sahani ya breki. Pikipiki nyingine zina skrubu moja ya nyota, nyingine zina nati. Shika waya juu na chini uuzungushe kwa vidole. Ukizungusha huku na kule kumetulia, umekatika. Ukiwa mzima, chungulia tundu la sahani ya breki huku gurudumu likizungushwa: kijigia cha ndani kinapaswa kuzunguka. Kikiwa kimesimama, nenda swali la 9.

Mwenye drili anaweza kuijaribu mita peke yake. Fungia kipande cha waya wa zamani kwenye drili, kichomeke nyuma ya mita, uzungushe polepole. Mshale ukijikaza upande wa sifuri, geuza mzunguko wa drili. Baadhi ya mita za Kijapani zina maandishi madogo usoni yanayosema mizunguko 1400 kwa dakika ni sawa na kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo drili ya mwendo unaojulikana inaweza hata kukuambia kama mita inasema kweli.

6. Mshale unatetemeka au kurukaruka. Je, mita imeharibika?

Kwa kawaida ni kebo inayolia. Imekauka grisi, imekunjwa mahali, au ncha yake ya mraba imelika na inateleza kabla ya kushika. Waya ukikwama kidogo unajisokota kama kamba, kisha unafyatuka, na kila ukifyatuka mshale unaruka. Usiupuuze, maana waya unaojisokota hivyo unaelekea kukatika. Tengeneza kama ilivyo kwenye swali la 10.

Kutetemeka kidogo ukiwa chini ya 20 ni jambo la kawaida kwa pikipiki yenye umri.

7. Mshale umekwama juu, au unakimbilia mwisho hata nikienda polepole.

Mara nyingi ni grisi. Fundi ameijaza kebo kwa nia njema, grisi imepanda na waya hadi ndani ya mita, ikaingia kati ya sumaku na kikombe. Vitu viwili ambavyo havikupaswa kugusana sasa vimegandana, na sumaku inakiburuta kikombe hadi mwisho wa safari ya mshale. Mita ya namna hii inaweza kufunguliwa na kusafishwa (swali la 13), lakini ni kazi ya mkono mtulivu.

Mshale uliokwama huku pikipiki imesimama unaweza pia kuwa umeshika uchafu au kutu kwenye mhimili wake, hasa kama kioo kimepasuka na mvua imeingia.

8. Kuna mlio mkali kama panya kutoka kwenye mita. Ni nini?

Mhimili wa mita umekauka. Fungua kebo, weka tone moja la oili nyepesi, ile ya cherehani, kwenye tundu ambamo waya huingia, na uache pikipiki usiku mmoja. Nasema tone moja kwa sababu ya swali la 7.

9. Mita ilikuwa nzima. Nikaziba pancha ya mbele, tangu hapo imekufa. Kwa nini?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, ningejibu hili.

Gia ya mita inazungushwa na kijisahani chenye masikio mawili madogo ya chuma au plastiki, ambayo yanatakiwa kuingia kwenye nafasi mbili zilizo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu linapotolewa ili kuziba pancha, vinaachana. Linaporudishwa, anayelirudisha asipoyalenga masikio kwenye nafasi zake, yanabaki yameegemea mgongo wa habu. Kisha spana inakaza nati ya ekseli, na masikio yanabanwa hadi yanalala.

Ilinipata Nyamasaria, mvua za Aprili zikiwa zimeanza na tope jeusi la Kano limejaa kila mahali. Kijana aliziba tyubu vizuri kabisa, akarudisha gurudumu kwa haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka. Kabla sijafika mjini niliona mshale haunyanyuki. Wiki ile nikanunua mita mpya, nikaifunga, nayo ikakaa kwenye sifuri. Nilipofungua gurudumu hatimaye, nikayakuta masikio mawili yamelala ubapa, moja limepasuka kwenye shina, na ukingo wake unang'aa mahali ambapo habu ilikuwa ikisugua kila mzunguko. Kijisahani kile kinaenea kwenye kiganja cha mkono. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya fedha nilizozimaliza kwenye mita.

Kwa hiyo, gurudumu likirudishwa, kaa karibu na uangalie. Sahani ya breki ikishaingizwa kwenye ngoma, izungushwe taratibu kwa mkono huku ikisukumwa. Kuna mahali utahisi inadumbukia kidogo, na ukingo wake unakuwa sawa na ukingo wa habu. Hapo masikio yameingia. Ikibaki imetokeza kwa upana wa sarafu, bado, hata kama nati inaweza kukazwa.

Ukiwa hapo, kagua jambo jingine lililo kubwa kuliko mita. Sahani ya breki ina mfereji ambao lazima ushike kinundu kilicho kwenye mguu wa shoki ya mbele. Kinundu kisiposhikwa, siku utakaposhika breki ya mbele sahani yote itazunguka na gurudumu, na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Nimeshaliona gurudumu limerudishwa hivyo, mwenyewe akiwa tayari amepanda na kuwasha. Usiondoke kwa fundi wa pancha kabla hujauona mfereji umeshika kinundu kwa macho yako.

## Kebo

10. Kebo inapakwaje grisi ipasavyo?

Chomoa waya kutoka kwenye ganda lake. Ufute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto na sigara, uache ukauke. Ukague kwa kuubiringisha juu ya meza au kioo: waya ulionyooka unabiringika kimya, uliopinda unarukaruka. Kisha ushike ncha zote mbili ukiwa umeukunja kama herufi U, uzungushe upande mmoja. Upande wa pili unapaswa kufuata bila kusitasita. Ukisita, tafuta mwingine, maana grisi hainyooshi waya uliopinda.

Paka grisi nyembamba, ile inayobaki ukipitisha waya katikati ya vidole. Shubiri moja ya upande wa juu iache kavu. Sababu iko kwenye swali la 7.

Mara ngapi? Kwa anayefanya kazi kwenye lami, mara moja kwa mwaka inamtosha. Kwa anayepita marram na mashamba ya mpunga ya Ahero, fanya kila mvua ndefu zinapoisha, maana maji ya tope yanaingia kwenye kebo kutoka upande wa chini.

11. Kila nikiweka kebo mpya inakatika baada ya wiki chache. Tatizo ni nini?

Kuna kitu kinachoizuia. Kwanza tazama njia ilikopitishwa. Kebo haipendi kona kali. Geuza hendeli kushoto hadi mwisho, kisha kulia, huku ukiifuata kwa macho. Ukiona imebanwa, imevutwa, au imefungwa kwa waya wa kuezekea hadi ganda limekunjamana, umepata jibu. Irudishe kwenye pete yake ya asili karibu na gurudumu.

Pili, zungusha mhimili wa mita kwa kipande cha waya. Ukiwa mzito, mita ndiyo inayozikata kebo zako. Tatu, urefu. Waya ukiwa mrefu kuliko ganda, nati ya juu ikikazwa unasukuma ndani ya mita na kusaga kila kitu. Ukiwa mfupi, ncha inashika kwa ukucha tu na kulika.

12. Naweza kutumia kebo ya pikipiki nyingine?

Ndiyo, mradi vitu vitatu vilingane: urefu, umbo la ncha ya juu na ya chini, na namna inavyofungwa kwenye sahani ya breki. Nenda dukani na kebo ya zamani mkononi, uzilaze sambamba. Jina la pikipiki lililoandikwa kwenye pakiti halitoshi.

Wapo mafundi wa jua kali wanaokata waya mrefu na kugonga ncha mpya ya mraba kwa nyundo. Ni kazi ya ustadi na inakufikisha nyumbani, lakini ichukulie kama ya muda.

## Mita yenyewe

13. Mita inaweza kufunguliwa na kutengenezwa?

Inategemea ilivyofungwa. Zenye skrubu nyuma hufunguka bila shida. Zenye pete ya chuma iliyokunjwa kuzunguka kioo zinahitaji pete inyanyuliwe kidogo kidogo kwa bisibisi ndogo, kuizunguka yote, bila haraka. Ukiharakisha inapasuka, na maji yatapata mlango.

Ndani, usiiguse springi. Ikipinda hata kidogo mita itasema uongo maisha yake yote. Grisi iliyoingia ifute kwa pamba na spiriti. Mshale usiuchomoe bila kuweka alama mahali ulipokuwa umelala. Gia ya namba iliyokatika meno hutolewa kwenye mita nyingine iliyokufa ya aina ileile, kwa hiyo kabla ya kutupa mita yoyote, fikiria meno yake.

14. Kioo kina ukungu au kimefifia, sioni namba.

Ukungu wa ndani unaokuja asubuhi na kuondoka mchana unaonyesha maji yanaingia mahali. Kausha mita juani, kisha ziba mshono kwa silikoni nyembamba. Kioo cha plastiki kilichofifia kwa jua husuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Mikwaruzo midogo hutoka, mipasuko haitoki.

15. Nikiweka mita mpya, namba za kilomita nifanyeje?

Zipige picha zile za zamani kabla fundi hajazifungua, uandike kwenye daftari: tarehe, mita ya zamani iliishia ngapi, mpya imeanzia ngapi. Siku ya kuuza, mwonyeshe mnunuzi ukurasa huo.

16. Mita yangu inasema 60, simu inasema 55. Nani anadanganya?

Labda hakuna. Mita hutengenezwa zikizidisha kidogo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za mwendo hairuhusu mita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, kwa hiyo watengenezaji huegemea upande wa kuzidisha.

Hatari iko kwenye kinyume chake, mita inayopunguza. Inatokea mtu akibadilisha rimu ya mbele. Gurudumu la inchi 17 lenye tairi la 2.75 lina mzunguko wa takriban sentimita 179. Weka la inchi 18 lenye tairi hilohilo, mzunguko unafika karibu sentimita 188. Sasa mita ikisema 50, wewe uko kwenye 52 na zaidi, na ikisema 80, unakaribia 84. Tairi lililolika linafanya kinyume, lakini kwa kiasi kidogo. Pikipiki chache huchukua mwendo kutoka kwenye injini karibu na sproketi, ile gia ya cheni. Kwa hizo, kubadilisha idadi ya meno ya sproketi ndiko kunakovuruga mita.

## Ukiwa bado hujatengeneza

17. Naweza kutumia simu badala ya mita?

Kwa wiki moja ya kutafuta spea, sawa. Simu inapima mwendo kwa setilaiti na inapima vizuri ukiwa kwenye mwendo wa kutulia. Ukishika breki au kuongeza mafuta ghafla, inachelewa kidogo kukupa jibu. Mvua, jua la mchana wa Kisumu, na mikono myepesi kwenye msongamano wa Kibuye siku ya soko ni maadui zake. Isitoshe, mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zilizofungwa kwenye hendeli. Kamwe usiishike mkononi ukiendesha.

Asiye na simu ya namna hiyo atumie saa. Pima kilomita moja iliyonyooka, mfano kwenye tambarare kati ya Ahero na Awasi, kwa kutumia pikipiki yenye mita nzima, ukachague alama mbili. Ukizipita kwa sekunde 60, uko kwenye 60. Sekunde 72 ni 50, sekunde 90 ni 40. Jifunze mlio wa injini yako na gia uliyomo kwa kila mwendo. Ni makadirio tu, lakini yatakusaidia ukiingia mjini.

18. Bila kilomita, nitajuaje wakati wa kubadilisha oili?

Hesabu kwa petroli. Tuseme pikipiki yako inakwenda kilomita 45 kwa lita, na unatia lita 4 kwa siku. Hizo ni kilomita 180. Kama umeamua kubadilisha oili kila kilomita 2000, siku ya 11 imefika zamu yake. Andika kila unapotia petroli, hata kwenye karatasi ya pakiti ya maziwa. Nimeona injini ngapi zikifa kwa "nitabadilisha wiki ijayo", wakati dereva angekuwa na namba mbele yake asingechelewa.

## Maswali ya pembeni

19. Kijana wangu wa boda amechomoa kebo. Anasema inasumbua. Nimwamini?

Mpe nafasi ya kukuonyesha. Nati ya juu iliyofunguliwa kwa mkono, kebo nzima inayoning'inia, ni jambo moja. Waya uliokatika ni jambo jingine, na huo ni ukweli mtupu. Wengine huchomoa ili mwenye pikipiki asijue umbali waliokwenda, na wengine kwa sababu wameambiwa pikipiki yenye kilomita chache inauzwa bei nzuri.

Kaa naye mpatane kuhusu pesa za siku bila kutumia mita kama polisi. Akijua kilomita ni za kulinda injini ambayo ndiyo ugali wake, ataitengeneza mwenyewe. Kuhusu kuchomoa ili kumdanganya mnunuzi, sina neno laini: huo ni wizi, na atakayeumia ni mtu atakayeamini breki na cheni bado ni changa.

20. Nanunua pikipiki ya mkono wa pili, mita inasoma kilomita 18,000. Nitajuaje ni kweli?

Tazama vitu ambavyo haviongopi. Raba za kukanyagia, kishikio cha hendeli, chuma cha breki ya nyuma mahali kiatu kinapogusa. Kama chuma kimelika hadi kinang'aa na raba zimekuwa laini kama sabuni, 18,000 si kweli. Kumbuka pia mita zenye tarakimu tano hurudi sifuri zikifika 99,999, kwa hiyo hata mita isiyochezewa inaweza kuwa inaanza safari ya pili.

21. Kompyuta ya baiskeli inaweza kufanya kazi kwenye pikipiki?

Inaweza, na kwa pikipiki ambayo spea zake zimeadimika ni suluhisho la heshima. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku na kihisi kwenye mguu wa shoki. Inahitaji kujua mzunguko wa tairi, na usikisie. Piga alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, kaa juu ya pikipiki ili tairi libonyee kama siku zote, isukumwe mzunguko mmoja kamili, kisha pima kwa futi kamba. Ingiza namba hiyo kwa milimita. Funga nyaya mbali na spoku, na uwe na betri ya akiba.

22. Nimebadilisha sehemu yote ya mbele nikaweka breki ya diski. Mita haina mahali pa kushika kabisa.

Ni kweli, kwa sababu gia yako ya zamani iliondoka na sahani ya breki ya ngoma. Unahitaji kisanduku kidogo cha gia kinachokaa kwenye ekseli kati ya habu na mguu wa shoki, na habu lazima iwe na nafasi za masikio yake. Kisanduku hicho kina ulimi unaopaswa kuegemea mguu wa shoki. Ulimi usipoegemea chochote, siku ya kwanza utakapoondoka kisanduku kizima kitazunguka na gurudumu, kitaizungushia ekseli kebo kama uzi kwenye kibiringo na kuikata, na kipande kilichobaki kinaweza kuingia kwenye spoku. Kwa hiyo kabla ya kupanda, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono mizunguko kumi, na uangalie kisanduku kimesimama palepale.